Kisiwa cha jikoni chenye benchi lake: mwongozo kamili wa kukijenga mwenyewe

Wengi wakiwaza kisiwa cha jikoni huanza na jiwe la juu, kisha droo, kisha taa za kuning'inia. Viti hufikiriwa mwisho. Ndiyo maana nyumba nyingi zina kaunta nzuri ambayo hakuna anayeikalia: magoti yanagonga milango ya kabati, miguu inaning'inia, na stuli zimegeuka mahali pa kutundikia mikoba na kanga. Hapa tunaanza na mtu aliyekaa. Vipimo vinatoka kwake, mbao zinafuata.

Kisiwa tutakachojenga kina pande mbili. Upande wa mpishi ni kabati la milango mitatu, lenye kaunta juu. Upande wa pili, mgongoni mwa kabati, kuna benchi lililojengewa moja kwa moja, lenye hifadhi chini ya kikalio. Meza ya chakula inasogezwa mbele yake. Mpangilio huu unafaa nyumba ambazo jiko na sehemu ya kulia chakula viko pamoja bila ukuta kati. Kama ukuta bado upo na unafikiria kuuvunja, mwite kwanza fundi mwashi aangalie kama umebeba boriti au zege la juu.

Nafasi kwanza

Chukua tepu na upime kuanzia ukuta wenye sinki hadi ukuta wa pili. Kaunta ya ukutani inakula sentimita 60. Njia ya mpishi inahitaji 100. Ukibana hadi 90 mtu mmoja atafanya kazi, lakini wawili wakipishana na sufuria ya moto itakuwa taabu. Kisiwa pamoja na benchi lake ni kama 110. Meza ya upana wa 70 inaingia juu ya benchi kwa sentimita 5 hivi, kwa hiyo inaongeza 65. Nyuma ya viti vya upande wa pili acha 90 ili mtu aweze kusukuma kiti na kuinuka. Jumla ni 425, yaani mita nne na robo.

Kama chumba chako ni mita tatu kwa tatu, usijilazimishe. Jenga kaunta ya kawaida yenye ukingo uliotokeza sentimita 30 kwa ajili ya magoti, weka stuli za urefu wa 60 hadi 65, na uhakikishe imefungwa sakafuni, maana mtu akiegemea ukingo huo kwa nguvu kaunta nyepesi inaweza kuinuka upande wa pili.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja, chora umbo sakafuni kwa selotepu ya karatasi, halafu panga kreti za soda na maboksi hadi kimo chake. Ishi nalo siku tatu. Fungua friji, fungua oveni, pita na ndoo ya maji. Watoto wakiwa wanakwaruza mabega kwenye kona kila wakipita, sogeza mistari sasa, wakati kusogeza ni bure.

Vipimo vya mtu

Kikalio kiwe sentimita 45 kutoka sakafuni mtu akiwa amekaa, na meza 75. Ile tofauti ya 30 ndiyo nafasi ya mapaja. Godoro la kukalia la sentimita 5 hubonyea, kwa hiyo benchi lenyewe la mbao tunalipa 41. Kina cha kikalio, kutoka egemeo hadi ukingo wa mbele, kiwe kati ya 43 na 46. Kikizidi, watu wafupi hawafiki kwenye egemeo na wanaishia kukaa ukingoni. Upana hesabu 60 kwa mtu mzima. Benchi la 150 linabeba wakubwa wawili na mtoto mmoja kwa raha.

Kimo cha kaunta kwa kawaida ni 90. Mpime anayepika hasa: asimame wima, akunje kiwiko, kaunta iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Anayekanda chapati kila Jumapili atakushukuru ukishuka hadi 85, kwa sababu kukanda kunataka uzito wa mwili ushuke kwenye mikono. Ukishusha, punguza kimo cha kabati na egemeo tu. Benchi liache lilivyo.

Jambo moja ambalo michoro ya mtandaoni hulipuuza: usiweke jiko la gesi au la umeme kwenye kisiwa hiki. Anayekaa benchini amekupa mgongo, na mafuta ya kukaangia yakiruka yatatua shingoni mwake. Kisiwa kibaki mahali pa kukatia, kukandia na kupakulia. Na mtungi wa gesi usiufiche ndani ya benchi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja itajaa humo chini kimya kimya.

Mbao

Kwa maboksi tumia plaiwudi ya milimita 18. Karatasi moja ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, na kazi hii inakula nne, ukihesabu milango, shelfu na mabaki. Ongeza nusu karatasi ya milimita 12, iliyokatwa kwa urefu, kwa ajili ya egemeo. Marini bodi, yaani plaiwudi ya kuvumilia maji, inastahimili unyevu zaidi. Kama bajeti inaruhusu kidogo tu, itumie kwa sakafu za maboksi. MDF na chipbodi, yaani bodi za unga na vipande vya mbao vilivyogandamizwa, ni rahisi kukata na zina uso laini, lakini zikinywa maji huvimba na hazirudi. Jikoni kunakopigwa deki kila asubuhi, mimi sizitumii chini ya usawa wa goti.

Ukifika dukani, inamia ukingo wa kila karatasi na utazame matabaka. Mashimo na mapengo kati ya tabaka yanamaanisha skurubu itakosa pa kushika. Ilaze karatasi chini. Ikikaa kama mtumbwi, iache hapohapo.

Kitako, yaani fremu ya chini inayobeba maboksi, na vipande vya kushikia vinatoka kwenye mbao za inchi 2 kwa 4 na 2 kwa 2. Paini, kama ile inayotoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, inatosha kabisa. Iliyotiwa dawa ya kijani ni nzuri kwa kitako kwa sababu mchwa hawaigusi, ila isiwe mahali chakula kinapogusa, vaa barakoa unapoikata, na mabaki yake usiyatie kwenye jiko la kuni. Mninga, mkongo au mtiki hifadhi kwa sehemu zinazoonekana. Mbao ngumu iwe imekauka sawasawa: ile iliyopasuliwa juzi itajikunja ndani ya nyumba yako badala ya kujikunja kwenye ghala la muuzaji.

Orodha ya kukata

Usikate karatasi nzima nyumbani kwa msumeno wa mkono. Sehemu zenye mafundi wengi, kama Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba Nairobi, kuna mashine za kukatia ambapo unalipia mkato, na unarudi na vipande vilivyonyooka. Mpe fundi vipimo kwa maandishi na umkumbushe kwamba meno ya msumeno yanakula milimita 3 hadi 4 kila mkato. Akikwambia "itakaa tu, bosi", pima kipande mbele yake.

Vipimo vyote ni vya sentimita, plaiwudi ya milimita 18.

Kabati:
- mbavu (kuta za pembeni) 2: 76 × 53
- vigawanyo vya ndani 2: 72.4 × 53
- sakafu 1: 146.4 × 53
- vipande vya kufungia juu 2: 146.4 × 10
- mgongo 1: 150 × 76

Benchi:
- mbavu 2: 29.2 × 48.2
- vigawanyo 2: 27.4 × 48.2
- sakafu 1: 146.4 × 48.2
- uso wa mbele 1: 150 × 29.2
- kipande cha nyuma cha kikalio 1: 150 × 10
- vifuniko 3: 49.7 × 42

Egemeo ni kipande kimoja cha milimita 12, 150 × 45. Milango na shelfu usikate sasa. Boksi likishasimama ndipo upime matundu yalivyo kweli, maana milimita mbili za kosa huko nyuma huonekana waziwazi kwenye milango.

Kitako

Hiki ndicho kinachounganisha kabati na benchi kuwa kitu kimoja, na ndicho kinachozuia kisiwa kutikisika. Tengeneza fremu moja ya 2 kwa 4 iliyosimamishwa kwa ukingo, kimo sentimita 10, urefu 146, kina 88. Weka mihimili minne ya kukatisha, miwili ikiwa mwishoni na miwili ikikaa chini kabisa ya mahali vigawanyo vitakapotua. Uzito wa mtu utashuka kupitia kigawanyo hadi kwenye mhimili hadi sakafuni, bila kupinda chochote.

Kina cha 88 ni kidogo kuliko maboksi kwa makusudi. Upande wa mpishi kitako kinarudi ndani sentimita 7 ili vidole vya miguu vipate pa kuingia. Upande wa benchi kinarudi 10, kwa sababu mtu anapoinuka huvuta visigino nyuma chini ya kiti. Benchi lisilo na nafasi hiyo humlazimu mtu kujisukuma kwa mikono kama mgonjwa.

Paka sehemu ya chini ya fremu rangi ya mafuta mara mbili, hasa kwenye ncha zilizokatwa. Huko ndiko mbao hunywea maji ya deki. Iweke mahali pake, laza pimamaji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha pachika kabari ndogo chini ya kila pembe iliyoshuka. Sakafu za nyumba zetu ni mara chache sana zikae sawa, hata zilizowekewa vigae juzi.

Kufunga sakafuni, tumia vipande vya 2 kwa 2 ndani ya fremu: kipande kinafungwa kwa plagi za plastiki na skurubu sakafuni, fremu inafungwa kwenye kipande. Lakini kabla ya kutoboa, jua mabomba yanapopita. Mara nyingi bomba la sinki na nyaya za umeme hupita ndani ya zege la sakafu. Angalia vinakoingia na kutokea, muulize aliyejenga, na ukiwa na shaka usitoboe hapo. Kwenye kigae bandika selotepu, tumia ncha ya drili ya vigae, na usiwashe nyundo ya drili mpaka uwe umepita kigae. Kama umepanga nyumba, silikoni chini ya fremu pamoja na uzito wa kisiwa chenyewe vinatosha. Benchi limeongeza upana wa chini kiasi kwamba si rahisi kipinduke.

Umeme unaoutaka kwenye kisiwa, kwa blenda au chaja, upangwe sasa, kabla maboksi hayajakaa. Kwa Tanzania tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Boksi la kabati

Fanyia kazi uani au barazani, mahali pa wazi. Laza ubavu mmoja, paka gundi nyeupe ya mbao kwenye ukingo wa sakafu ya boksi, simamisha, bana kwa jiriwa, toboa matundu ya awali ya milimita 3, kisha funga skurubu za milimita 50 kila baada ya sentimita 15. Ukifunga skurubu kwenye ukingo wa plaiwudi bila kutoboa, matabaka yatafunguka kama kitabu. Gundi iliyotokeza ifute mara moja kwa kitambaa chenye maji, la sivyo vanishi haitashika hapo.

Ubavu wa pili ukishaingia, simamisha vigawanyo juu ya sakafu ya boksi, kila chumba kikiwa na upana wa 47.6. Vipande viwili vya kufungia vinalala juu ya vigawanyo, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kabla ya kupigilia mgongo, pima kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine. Namba mbili zikiwa sawa, boksi lina pembe mraba. Zikitofautiana, sukuma pembe ya ule mshazari mrefu hadi zilingane, ndipo mgongo ufungwe. Mgongo ndio unaolishikilia umbo hilo maisha yote, kwa hiyo usiubadilishe na plaiwudi nyembamba ya milimita 3 kama makabati ya dukani. Na tena watu watauegemea.

Pandisha boksi juu ya kitako, lifunge kwa skurubu kutoka ndani, na uweke pimamaji tena.

Benchi na egemeo

Boksi la benchi linajengwa vilevile, ila halina mgongo wake. Linatumia wa kabati. Kabla ya kulisogeza mahali pake, kata vipande vitatu vya 2 kwa 2, kila kimoja kama sentimita 47, na uvifunge kwenye mgongo wa kabati kwa usawa, uso wao wa juu ukiwa sentimita 39.2 kutoka sakafuni, yaani 29.2 juu ya kitako. Skurubu zipigwe kutoka ndani ya kabati. Sasa sukuma benchi. Vipande hivyo vitaingia kati ya vigawanyo vyake. Funga sakafu ya benchi kwenye kitako, kisha laza kile kipande cha kikalio cha sentimita 10 nyuma na ukifunge kwenye vipande vya 2 kwa 2, mbavu na vigawanyo. Hapo benchi na kabati havitaachana.

Egemeo lililosimama wima kabisa linafaa kwa kikombe kimoja cha chai. Ukitaka watu wakae hadi pilau iishe, lipe mwinamo. Chukua vipande viwili vya plaiwudi vya 5 × 45, vikate mshazari kutoka kona hadi kona, utapata kabari nne ndefu. Zifunge kwenye mgongo wa kabati, upande mnene ukiwa chini, kila moja kwenye mstari wa ubavu au kigawanyo ili skurubu ishike mbao mbili. Juu yake funga plaiwudi ya milimita 12. Chini egemeo linatokeza sentimita 6 hivi, juu linagusa kabati. Mgongo unahisi tofauti mara moja.

Vifuniko vitatu vinashikwa na bawaba ndefu kwenye kile kipande cha nyuma. Vitatu, kwa sababu kifuniko kimoja cha mita moja na nusu ni kizito, na kitaponda vidole vya mtoto. Kwa vipimo hivi kifuniko kikifunguliwa kinapita wima na kulala kwenye egemeo, kwa hiyo hakihitaji kifaa cha kukishikilia. Bandika vipande vya mpira mbele ili kisipige kelele. Toboa pia safu ya matundu ya sentimita 2 kwenye uso wa mbele: pwani, boksi lisilopumua huota ukungu, na mashuka uliyohifadhi humo yatanuka.

Juu ya kaunta

Kipimo cha juu ni 154 × 60. Kinatokeza kidogo kwa mpishi na pembeni, lakini upande wa benchi kiishie sawasawa na uso wa egemeo. Hapa mafundi wengi wa mawe hukosea kwa mazoea, wakiacha ukingo utokeze pande zote. Sentimita tatu za jiwe zikitokeza juu ya benchi zitagonga mifupa ya mabega ya kila anayejiegemeza. Waambie pia wauzungushe ukingo huo, usiwe na kona kali.

Graniti ya sentimita 2 kwa ukubwa huu ina uzito wa kilo 50 hivi. Ibebwe ikiwa imesimama kwa ukingo, kamwe isilazwe, maana hukatika kwa uzito wake yenyewe. Chini yake laza plaiwudi ya milimita 18 iliyofungwa kwenye boksi, kisha jiwe kwa madoa ya silikoni. Kabati la 76, kitako 10, plaiwudi na jiwe vinafika 90.

Ukipenda mbao, mninga uliopigwa randa na kuunganishwa kwa gundi ni mzuri, lakini usiufunge kwa nguvu pande zote. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri hewa inavyobadilika kati ya masika na kiangazi. Kwenye kipande cha kufungia cha mbele fanya tundu la skurubu liwe refu kidogo kuelekea upana wa ubao, ili uweze kutembea. Usipofanya hivyo utapasuka katikati. Na hakikisha umekifikisha kimo cha 90 kwa kuongeza plaiwudi chini pale unapohitaji.

Kumalizia

Msasa uanze na namba 80 kwenye maungio, kisha 120, kisha 180, ukifuata mkondo wa mbao. Funika kingo zote za plaiwudi kwa utepe wake au kwa vipande vyembamba vya mninga. Benchini chagua mninga, kwa sababu utepe hubanduliwa na suruali za jinsi. Vanishi tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito, na kati ya moja na nyingine pitisha msasa wa 240 kisha ufute vumbi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, vanishi huchelewa kukauka pwani, na ukiwahi kupaka ya pili itakunjamana.

Sasa kata milango. Pima kila tundu, acha milimita 3 kati ya mlango na mlango, tumia bawaba za kabati zinazorekebishika kwa bisibisi. Shelfu zikae kwa vishikizo ili uweze kuzihamisha.

Godoro la kukalia liwe la sponji ngumu, la kubonyea kidogo tu, likatwe vipande vitatu kufuata vifuniko. Kitambaa cha leza (ngozi bandia) hufutika mchuzi kwa sekunde. Kitambaa cha sofa kinapendeza, ila kiwekee zipu.

Mwisho waite watu wazima wawili wakae benchini kwa pamoja, wajirushe kidogo na kujiegemeza. Weka mkono juu ya kaunta. Ukisikia mtikisiko, kabari moja chini ya kitako imelegea: iongezee nyingine, kisha kata kilichotokeza na uzibe kitako kwa kipande cha vigae au alumini. Baada ya mwezi mmoja kaza tena bawaba za vifuniko, ambazo ndizo hulegea kwanza.